RISALA YA KLABU YA ELEKTRONIKI KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAONYESHO YA CHUO

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu na wazazi wetu wapendwa, itifaki imezingatiwa.

Kwanza tunamshukuru Mungu, halafu tunakushukuru wewe kwa kuja mwenyewe kwenye hili joto, maana wengine huwa wanatuma mwakilishi.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi saba na tochi moja, leo tuko 23 na tochi nne. Kazi yetu ni kurusha mawasiliano kwa mwanga wa taa, kitu ambacho sio cha juzi, Alexander Graham Bell alishapitisha sauti kwenye mwanga wa jua mwaka 1880, na mwaka 2011 profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh akaja na jina la Li-Fi, yaani intaneti kwa mwanga wa taa, dunia ikashtuka. Na sisi hatujalala, mwaka huu tumerusha muziki kutoka kwenye simu kwa taa ya LED mpaka kwenye paneli ndogo ya sola na spika, umbali wa mita moja na nusu mzima, na hatuoni aibu kuyaita mapinduzi (ila lazima balbu za darasani zizimwe, maana umeme wa Hz 50 unafanya balbu zipepese mara 100 kwa sekunde na spika inanguruma kama mashine ya kusaga).

Mheshimiwa, muziki ulikuwa mwanzo tu, sasa tunataka kurusha data, na hapo ndo tumekwama.

Njia rahisi kuliko zote inaitwa OOK, taa ikiwaka ni moja ikizima ni sifuri, na ukiiwasha na kuizima zaidi ya mara 200 kwa sekunde jicho halishtuki, linaona taa imewaka tu. Shida ukituma sifuri nyingi mfululizo taa inafifia kweli, kwa hiyo tunatumia msimbo wa Manchester, kila biti, yaani kila moja au sifuri, inapata nusu ya kuwaka na nusu ya kuzima. Sasa kipimo tulichonacho ni multimita, na multimita inasoma wastani, na wastani wa Manchester ni ule ule iwe umetuma jina lako au umetuma takataka. Wiki tatu nzima tuliangalia volti 1.6 na ushee tukawa tunapongezana, kumbe upande wa pili zinafika takataka tupu.

Tukahamia PPM, ambayo mpigo ni mmoja na maana yake inategemea umekuja nafasi ya ngapi. Inakula umeme kidogo, tuliipenda, ila saa ya anayetuma na ya anayepokea zikipishana kidogo tu herufi A inasomeka kitu kingine kabisa. Kupishana kwenyewe ni mikrosekunde, tupime na nini, saa ya ukutani?

OFDM ndo usiseme. Hiyo inagawa data kwenye mawimbi madogo mengi yanayokwenda pamoja, ndo maana inabeba mzigo mkubwa, lakini wimbi lake linashuka mpaka chini ya sifuri na taa haiwezi kuwaka chini ya sifuri, giza ni giza. Inabidi uliinue kwa mkondo wa DC, ule usiopanda wala kushuka, ukiinua kidogo linakatika chini, ukizidisha LED inachemka na umeme unaenda bure. Mwalimu wetu anasema tafuteni pale katikati, tunamheshimu sana, ila katikati ya kitu usichokiona ni wapi?

Kwa hiyo Mheshimiwa ombi letu ni moja, osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini uyaone kwa macho. Chaneli mbili, moja ione kinachotumwa nyingine kinachopokelewa, MHz 50 inatosha kabisa maana LED nyeupe za kawaida zenyewe zinaishia MHz mbili tatu hivi kwa sababu ile rangi ya njano juu yake ni nzito kuitikia. Hatuchagui, hata iliyotumika tunapokea.

Tunaomba radhi kama ombi hili linasikika kama umeshawahi kulisikia, ni kweli limeshasomwa hapa hapa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema ndani ya mwezi mmoja, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Wa mwaka jana tunamshukuru alifuatilia, msaidizi wake alipiga simu kuuliza kama stetoskopu itafaa. Ahadi ni deni, basi klabu yetu ni tajiri sana, tunadai kila kona.

Hatukuombi utamke chochote jukwaani leo, tumeshapiga makofi ya kutosha. Ukimaliza chai utapitishwa maabara, utaona meza yenye kitambaa cha kijani na soketi yake ya umeme pembeni haina kitu juu, tunaifuta vumbi kila Ijumaa tangu mwaka juzi. Vipimo vya osiloskopu yenyewe tumeviandika, karatasi anayo mwenyekiti.

Tunaomba kuwasilisha.