Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Vikao vya Bure Vina Anayevilipia

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtaalamu wa saikolojia ninayetoa ushauri nasaha kwa njia ya intaneti, na ninakuandikia kuhusu jambo ambalo wenzangu hulisema faraghani tu kwa kuogopa kuonekana wenye tamaa: vikao vya bure vinatumaliza.

Sipingi kujitolea. Hata kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinahimiza kutenga sehemu ya muda wa kazi kwa malipo kidogo au bila malipo. Lakini sehemu hiyo ikishakuwa nusu ya wiki, ada ya leseni, bima, usimamizi wa kitaalamu (mwenzetu mwenye uzoefu tunayemlipa aipitie kazi yetu) na programu inayolinda siri za mteja hukosa pa kutoka. Dakika 50 anazoziona mteja hufuatwa na kuandika kumbukumbu na, mara nyingine, kujibu ujumbe wa usiku wa manane kutoka kwa mtu aliyechoka kuishi. Ujumbe wa namna hiyo siwezi kuuacha hadi asubuhi, awe amelipa au hajalipa.

Niliwahi kushiriki katika kampeni ya vikao vitatu vya bure. Katika kikao cha tatu, mteja mmoja ndipo alipopata ujasiri wa kuutaja msiba uliomleta. Nilipomweleza ada ya kikao kinachofuata, alinyamaza, kisha akazima kamera. Niliendelea naye bila malipo kwa vikao sita zaidi, kwa kuwa kumwacha hapo kungekuwa kumjeruhi upya, na mwezi huo nilishindwa kumlipa msimamizi wangu. Waandaaji walitangaza idadi ya waliosaidiwa. Gharama hawakuiulizia.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19, ilhali serikali kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Pengo hilo ndilo tunaloombwa kuliziba kwa mapato yetu.

Ninaomba Wizara ivilipie vikao vya wasiojiweza kwa kiwango kitakachokubaliwa na vyama vya taaluma, na iwatake waandaaji wa kampeni kumweleza mteja, kabla ya kikao cha kwanza, atahudumiwa na nani vikao vya bure vikiisha.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa saikolojia