Usiunyooshe mnara, somo

Bologna, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za Bi Mkubwa mfikishie mwenyewe mkononi, usimwachie mtu. Mimi mzima, baridi imeshaanza kuuma, zamu ni zilezile. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi na una haki ya kuninunia. Hayo nitakueleza, lakini si leo. Leo kilichonikalisha kitako ni faili ulilonitumia juzi, ile modeli ya mnara wa Garisenda wa hapa Bologna, Italia, tunayolitengenezea gemu la kujenga miji.

Nililifungua kabla hata sijavua koti. Matofali yametulia, na yale matundu madogo ya mraba ambamo mafundi wa zamani walichomeka miti ya jukwaa umeyaweka yote. Hata michirizi myeusi ya maji ya mvua ipo! Wewe uko Tanga, lakini Garisenda umeiona. Kisha nikauzungusha mnara upande huu, nikauzungusha upande ule, moyo ukanishuka. Umeunyoosha, somo. Umesimama wima kama mlingoti wa bendera.

Sababu zako nimezisoma mara mbili. Kwamba gemu linagawa ardhi viwanja vya mita 8 kwa 8 na mnara ulioinama utamning'inia jirani. Kwamba mchezaji atadhani tumekosea kazi. Naelewa. Lakini ukiunyoosha unabaki mnara mfupi wa matofali tu, na minara ya namna hiyo ilikuwa tele hapa zama zile. Huu watu wanaujua kwa kuinama kwake. Ardhi ilititia chini yake, na katika karne ya 14 ikabidi waukate kichwa wakiogopa utaanguka. Ndiyo maana leo una mita 48 tu, na mwenzake Asinelli aliye pembeni ana 97.

Mshairi Dante aliuona kabla haujakatwa. Kwenye utenzi wake wa Inferno anasema ukisimama chini, upande ulioinamia, na wingu likapita juu kuelekea upande wa pili, utaona kama mnara ndio unaokujia. Maneno hayo yamechongwa kwenye kibao cha jiwe ukutani pake. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilijaribu. Nilisimama nikangoja wingu, na lilipopita nikajikuta nimerudi nyuma hatua mbili, kiganja kimeshika kioo cha duka. Sasa niambie, wingu likipita juu ya mnara wako uliosimama wima, mtu atarudi nyuma kwa lipi?

Kwa hiyo naomba hivi. Usikisukume kichwa peke yake ukaacha chini palepale, maana mistari ya matofali itabaki mlalo na mnara utaonekana umekatwa mshazari. Uzungushe mzima kuanzia kwenye kitako, nyuzi 4, ili na mistari ishuke upande mmoja. Halafu kitako kizamishe ardhini mita mbili tatu pasionekane mwanya. Usichukue mnara wa Pisa kuwa mfano. Kule wajenzi walipoona unainama walikuwa wakirekebisha ghorofa za juu, ukaishia kujipinda kama ndizi. Na huyo jirani usimwogope, kule juu ni hewa tupu.

Ile modeli nyepesi ya mbali, ambayo gemu huionyesha kamera ikirudi nyuma, nayo iiname, tafadhali sana. Jana niliinamisha ile kubwa peke yake, nikaweka mnara mjini, nikaanza kurudisha kamera nyuma polepole. Umeinama, umeinama, mara ghafla, wima! Nikisogea karibu unainama tena. Nilizima kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Unajua kwa nini nina haraka? Tangu Oktoba 2023 wameuzungushia uzio, kisha vyuma na nyavu za kuzuia vifusi ukija kumeguka. Asinelli nao umefungwa, zile ngazi 498 hazipandwi tena. Basi langu linazunguka mbali siku hizi, nafika kazini dakika za mwisho, lakini kila nikipata nafasi nashuka mapema nipite pale kwa miguu. Walishatangaza kwamba mitambo ile iliyoushikilia mnara wa Pisa italetwa kuushika na huu. Nafurahi wanautibu. Ila ukishavalishwa vyuma, sijui utaonekana tena lini jinsi ulivyo.

Picha za kitako nilizipiga kiangazi kile, kabla ya uzio, siku ya mawingu kama ulivyonifundisha ili jua lisiache vivuli kwenye matofali. Za karibu ni hizo tu, basi zihifadhi mahali pawili. Yale mawe ya chini ni selenaiti, jasi ya fuwele: ukiwa mbali ni kijivu cha kawaida, ukisogeza uso karibu yanametameta kama chumvi ya mawe. Kwenye modeli yako yamepooza, yametoka kama saruji. Ni mawe hayohayo yanayochakaa, na ndiyo yaliyobeba mzigo wote wa juu.

Kule Venice, mnara wa kengele wa San Marco uliporomoka wote asubuhi moja ya Julai 1902. Hakufa mtu. Wakaapa kuurudisha kama ulivyokuwa, palepale ulipokuwa, na mwaka 1912 ukawa umesimama tena. Huu wetu ukianguka, watakaoujenga upya watautega uiname? Au wataunyoosha na wao, halafu… Hapana, sitaki hata kumalizia. Ndiyo maana nakusumbua na nyuzi 4.

Haya, mengine. Mama Saidi amenipigia kuhusu ile hela, nimemwambia azungumze na wewe kwanza. Na yule wa Ngamiani kaoa! Nimeona picha, ile suti kaazima kwa nani, mbona mikono inaishia kwenye viwiko?

Nijibu mapema, somo. Kompyuta yako bado inajizima umeme ukiyumba? Pembetatu zinazounda modeli zimefika ngapi, na bado tunaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya yale mawe? Na uzio je, tuuweke au tuuache? Moyo wangu unataka tuuache, lakini mtu akija hapa kesho ataukuta uzio, sasa tutakuwa tumejenga mnara wa mwaka gani? Asinelli utauanza wewe au nikutafutie vipimo vyake kwanza? Mguu wa Bi Mkubwa unaendeleaje, ile dawa niliyompa mpwa wako amletee ilifika? Na faili la zamani, lile la kabla hujaunyoosha, unalo bado au umelifuta?

Somo yako