Maji ya Nyando Hayana Rangi ya Buluu: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Uhandisi Kemikali

Wanangu mnaosomea uhandisi kemikali, kuanzia Eldoret hadi Kisumu na Nakuru,

Nimetoka kusikiliza mawasilisho ya miradi ya mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha huku kwetu, na nimerudi nyumbani nimekereka. Akili mnazo, tena nyingi, na hilo ndilo linaloniuma. Mradi baada ya mradi ulikuwa ule ule: kijana kachukua magugumaji ya Ghuba ya Winam, au makapi ya miwa, au makapi ya mpunga wa Ahero, kayachoma yakawa mkaa, kautia mkaa ndani ya maji safi ya maabara aliyoyapaka rangi ya methilini buluu, kapima rangi ilivyopungua, kachora mchirizo kwa mlinganyo wa Langmuir wa mwaka 1918, unaoeleza kiasi ambacho kitu kama mkaa kinaweza kunasa, katuonyesha nukta zilivyokaa sawasawa juu ya mchirizo. Tukapiga makofi. Akaja mwingine na kitu hicho hicho, ila makapi yake yalikuwa ya mahindi.

Methilini buluu hupendwa maabara kwa sababu ni nafuu, hupimika kirahisi kwa mwanga, na hunasa karibu kwenye mkaa wowote ule. Kwa hiyo mradi hauwezi kufeli, na mradi usioweza kufeli haujauliza swali. Nilimwuliza binti mmoja, kwa upole, kwamba maji aliyoyasafisha aliyateka wapi. Akaniambia, "Ni ya maabara, mzee." Nikamwuliza kama amewahi kusimama ukingoni mwa Nyando. Akanyamaza. Chuo chake na mto huo vinafikiana kwa matatu.

Sikilizeni yaliyomo katika maji machafu ya kweli. Mtambo wa spiriti unaochachusha molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, huacha lita 10 au zaidi za maji machafu kwa kila lita 1 ya spiriti. Maji hayo hutoka yakiwa moto, yana asidi, potasiamu, na mabaki ya sukari, na weusi wake wa kahawia unatokana na melanoidini, kemikali za kahawia zinazozaliwa sukari inapopata joto, ambazo bakteria wengi hushindwa kuzila. Mkaa wako ukiingia humo haukutani na kemikali moja iliyokaa peke yake ikisubiri kunaswa. Unakutana na umati unaogombania nafasi moja. Ule uwezo mkubwa uliouandika kwenye jedwali unaporomoka, na hapo ndipo utafiti ungeanza. Tena hakuna hata mmoja wenu aliyesema mkaa uliokwisha kujaa uchafu utapelekwa wapi. Mmeutoa uchafu majini mkauweka ndani ya gunia, halafu gunia likasahaulika.

Msiseme kazi ya namna nyingine haiwezekani huku. Nendeni Nakuru. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi, mahali pengi kuliko kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia mnayoyaona kwa watoto wa kule. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilishika mifupa ya ng'ombe, ikaichoma kwa hewa kidogo, ikatengeneza mkaa wa mfupa unaonasa floraidi, na watafiti wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, wakaja kufanya kazi nao. Ukiichoma mifupa kupita kiasi, uwezo wake wa kunasa unashuka. Usipoichoma ya kutosha, maji yananuka na mama anayamwaga. Tena wako watu ambao dini yao haiwaruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa wasioujua ni wa mnyama gani. Hayo yote ni uhandisi kemikali, wanangu, na hakuna hata moja linaloonekana ndani ya chupa ya methilini buluu.

Niseme kidogo juu ya hesabu ya kuingia na kutoka, kwa maana hapo ndipo nilipoishi. Kinachoingia mtamboni lazima kitoke, au kibaki ndani, au kigeuke kitu kingine. Mwalimu huwafundisha muhula wa kwanza, nanyi huiacha huko huko kama nguo ya shule ya msingi. Katika kiwanda kimoja cha sukari cha ukanda huu, sukari ilikuwa ikipotea. Miwa ilipimwa ikiingia, magunia yakahesabiwa yakitoka, na katikati pakawa na pengo lisiloelezeka. Wakubwa wakaamua ni wizi. Askari wakaongezwa langoni, wanaume wazima wakavuliwa viatu kila mwisho wa shifti, na vibarua wawili wakafukuzwa kazi. Mama mmoja wa maabara, ambaye hakuna aliyemwuliza maoni, akachukua maji ya kondensa, chombo kinachopoza mvuke uwe maji, akayadondoshea kemikali iitwayo alfa-naftoli, akamimina asidi ya salfuriki taratibu kwa ubavuni mwa neli. Pete ya zambarau ikajitokeza katikati. Hiyo ni sukari. Pani, chombo kikubwa cha kuchemshia maji ya sukari, ilikuwa ikijazwa kupita kiasi ili kazi iende haraka, maji ya sukari yakawa yanarushwa pamoja na mvuke, yakaenda kondensa, yakatoka na maji ya kupozea mpaka mtoni. Mvuke ndio uliokuwa ukiiba. Wale vibarua hawakurudishwa, na hakuna aliyewaomba radhi. Mhandisi asiyefunga hesabu yake huwaachia wengine wamtafute mwizi, na katika nchi yetu mwizi hutafutwa kwanza miongoni mwa wasio na wa kuwatetea.

Sasa nyinyi mnataka mambo mapya, na ni haki yenu. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 imekwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa zile fremu za metali na kaboni zenye vijitundu vya kunasa gesi, ambazo gramu 1 ya baadhi yake ina eneo la ndani la maelfu ya mita za mraba. Zisomeni. Lakini ziendeeni na hesabu mkononi. Kijana mmoja alituambia atanasa kaboni dayoksaidi kutoka hewani. Ni kazi nzito na ya heshima, na kule Gilgil kampuni ya Kenya, Octavia Carbon, imeishika. Ila hewani kaboni dayoksaidi ni kama sehemu 4 katika kila sehemu 10,000. Pipa linalochachusha molasi, kwa upande mwingine, hutoa karibu kilo 1 ya gesi hiyo kwa kila kilo 1 ya ethanoli, tena ikiwa karibu safi. Mtoto wa Muhoroni, aliyekulia karibu na mapipa hayo, anawezaje kuandika kurasa 60 juu ya gesi hii asilitaje pipa hata mara moja?

Amonia nayo, gesi inayotengenezewa mbolea ya naitrojeni. Wakulima wa Trans Nzoia wanapanga foleni ya mbolea, na Olkaria, ndani ya kaunti ya Nakuru, kuna mvuke wa ardhini unaozalisha umeme mchana na usiku, kwa hiyo ndoto ya kutengeneza mbolea kwa umeme huo ni ndoto yenye miguu. Njia ya Haber na Bosch ya kuunganisha naitrojeni na hidrojeni ziwe amonia, iliyoanza kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, bado inataka joto la nyuzi 400 na zaidi na shinikizo kubwa, na hidrojeni yake kwa sehemu kubwa ya dunia inatoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Tani 1 ya amonia ina kilo 177 hivi za hidrojeni. Kila kilo, ukiipata kwa kupasua maji kwa umeme, hula takriban kilowati-saa 50. Hiyo ni karibu kilowati-saa 9,000 kwa tani, kabla hujabana gesi wala kutenga naitrojeni. Zidisheni kwa bei ya umeme mnayoijua nyumbani kwenu, mtaona swali la utafiti lilipo: vichocheo vinavyofanya kazi kwa joto dogo, vifaa vya kupasua maji vinavyokula umeme kidogo, na mitambo midogo inayoweza kukaa karibu na shamba.

Yako mengine: vimeng'enya vya kuvunja plastiki, tando za kutenganisha bila kuchemsha, boila zinazotumia umeme badala ya kuni, programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye data ya mtambo. Juu ya hili la mwisho nasema moja tu: data ya mtambo kwanza ipatikane.

Na nyinyi wahadhiri, ndugu zangu, msijifiche nyuma ya watoto. Mnapandishwa vyeo kwa idadi ya makala, na makala ya methilini buluu huiva haraka. Viwanda navyo vinafunga lango mwanafunzi akija na chupa, kana kwamba amekuja kuwashtaki. Kaunti inalia mto umechafuka huku maabara zake zimefungwa kufuli. Mtoto aliyekulia kwenye mazingira hayo atajifunza wapi ujasiri wa kupima?

Wanangu, siwachukii. Nawaonea uchungu kwa sababu najua mnayoweza. Muhula huu chukueni chupa safi mwende Nyando. Tekeni maji ya mto kabla hayajafika kwenye bomba la kiwanda linalomwaga uchafu na baada ya kulipita, asubuhi na jioni, wakati wa mvua na wakati wa jua. Pimeni joto na pH, yaani kiwango cha asidi, pale pale ukingoni, kwa maana vitabadilika kabla hamjafika chuoni, kisha chupa zikae kwenye barafu. Matokeo yakiwa mabaya, yaandikeni yalivyo. Mkaa wenu ukishindwa, semeni umeshindwa na nini kimeushinda. Anayetaka kufundishwa kile kipimo cha pete ya zambarau na aje nyumbani kwangu aone kinavyofanywa, nitamwandalia nafasi na chai. Asidi ninayo. Msibebe salfuriki kwenye matatu.

Mzee wenu,
mstaafu wa viwanda vya sukari, Kisumu