Kaka, Kanda Zile Hazikuwa Kelele za Utoto

Kaka yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ulilolisema ulilisema hadharani, mbele ya wajomba, mbele ya majirani wa Tudor, mtaa wetu wa Mombasa, na mbele ya watoto waliokuwa wakikufahamu kwa picha tu, nami siku ile nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Tumezungumza kwa simu tangu urudi Minneapolis, Marekani, lakini mazungumzo yetu yamekuwa ya hati ya nyumba, ya deni la hospitali na ya kulijengea kaburi, na kila nilipotaka kuligusa jambo lenyewe ulisema unaitwa kazini.

Unaikumbuka jioni ya tatu ya matanga. Watu walikuwa wamekwisha kula, na mdogo wetu akatoka chumbani kwa Shangazi, mama yako tuliyemzika, akiwa amebeba lile sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda, akauliza kanda zile za muziki wa roki ni za nani. Ulikuwa umeketi mkekani na kikombe cha kahawa mkononi. Ulizitazama kanda zako mwenyewe, zenye mwandiko wako mwenyewe, kisha ukasema: "Zitupeni. Hizo zilikuwa kelele za utoto." Halafu ukanigeukia, ukaniuliza iwapo mimi bado nasikiliza mambo yale, na watu walipocheka nawe ukacheka pamoja nao. Kesho yake mkokoteni wa taka ulipita kabla sijarudi kutoka sokoni, na sanduku likaenda.

Sikulilia plastiki. Nyimbo zote zile leo zinapatikana kwenye simu, na sauti yake ni safi kuliko ya kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine. Kilichoniumiza ni kwamba mama yako alizitunza kanda zile miaka yote uliyokuwa ughaibuni. Kila kiangazi alizitoa akazianika kivulini, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye utepe, na aliyemfundisha jambo hilo ni wewe. Tena kilichoniumiza zaidi ni neno "utoto", kwa kuwa wewe ndiye uliyenionyesha kwamba muziki ule haukuwa wa kitoto, na ulinionyesha kwa hoja, albamu baada ya albamu, katika chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea mwembeni.

Tuanze na ile kanda ya dakika tisini uliyokuja nayo kutoka chuoni, upande mmoja ukiwa na Automatic for the People ya R.E.M. na upande wa pili OK Computer ya Radiohead. Hiyo ya R.E.M. ilitoka mwaka 1992, nayo ni albamu ya watu wazima waliokaa chini kufikiri juu ya kifo, juu ya kuzeeka na juu ya kupotelewa. Bendi ambayo ingeweza kurudia vibao vyake vya furaha na kujaza viwanja vya michezo ilichagua piano, gitaa zisizo za umeme, na ala za nyuzi zilizopangwa na John Paul Jones, yule mpiga besi wa Led Zeppelin, katika nyimbo nne. Je, huu ndio utoto? Shangazi hakujua Kiingereza cha kutosha kuyafuata maneno, lakini alipousikia wimbo wa kumi na moja, Nightswimming, aliacha kuchambua mchele akauliza ni nani anayepiga piano ile. Ulimjibu kuwa ni Mike Mills, naye akalitamka jina hilo kama la jirani. Tangu siku hiyo alikuwa akisema, "Nipigieni ule wa piano." Aliendelea kuuomba hata baada ya wewe kusafiri, na ni mimi niliyempigia.

Upande mmoja wa kanda ile ulibeba dakika arobaini na tano na ziada kidogo, ilhali albamu zote mbili zilizidi muda huo. Kwa hiyo Find the River, unaoifunga albamu ya R.E.M., haukuwamo, na upande wa pili ulikatika katikati ya wimbo wa Lucky, ukauacha nje The Tourist wote. Kwa miaka mingi niliamini kwamba OK Computer inaishia pale, mtu wa wimbo ule akiwa angali hewani, bila kujulikana kama ataokoka. Niliipenda hivyo. Nilidhani ni uamuzi wa bendi, na nikakuandikia barua ndefu kuusifu, barua ambayo hukuijibu. Baadaye niliposikia The Tourist nilielewa kwamba albamu ile ya mwaka 1997, ambayo watu huieleza kama albamu ya hofu ya mashine na mwendo kasi, kwa kweli inamalizika kwa kumsihi mtu apunguze mwendo, ngoma zikipigwa taratibu na gitaa likipanda bila papara, hadi kengele moja ndogo inapolia na kila kitu kunyamaza. Anayeishia kwenye Lucky amesikia swali tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba albamu isikilizwe hadi mwisho. Mtu akiniambia anaijua OK Computer kwa sababu anaujua wimbo wake wa Karma Police, mimi namhesabu kuwa hajaisikia.

Kuhusu bendi ya Nirvana tulitofautiana tangu mwanzo, na msimamo wangu haujabadilika. Wewe uliitukuza albamu yao ya Nevermind, na ninaelewa: ilitoka Septemba 1991 bila matarajio makubwa, ikafika Januari 1992 imemng'oa Michael Jackson kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya Marekani. Butch Vig aliirekodi vizuri na Andy Wallace akazichanganya sauti zake ikawa laini, inang'aa, kila pigo la ngoma la Dave Grohl limekaa mahali pake. Ni albamu nzuri sana. Lakini Kurt Cobain, mwimbaji wao, mwenyewe hakuridhika na ulaini ule, nami nadhani alikuwa na haki. In Utero ya mwaka 1993 ndiyo iliyo kubwa zaidi, kwa sababu humo unausikia mwili wa mtu: koo linalokwaruza, ngozi ya ngoma, kuta za chumba. Steve Albini aliirekodi kwa majuma mawili hivi, akakataa kupewa sehemu ya mauzo, akitaka alipwe kama anavyolipwa fundi bomba, yaani kwa kazi aliyoifanya. Kila ninapolikumbuka hilo heshima yangu kwake inaongezeka, na alipofariki Mei 2024 nilitamani sana kukupigia simu.

Tena studio ilikorekodiwa In Utero, Pachyderm, iko Cannon Falls, Minnesota, mwendo usiofika mbali na hapo unapoishi. Umekaa katika jimbo hilo miaka yote hii, na nilipokuuliza siku ile ya kuchimba kaburi iwapo umewahi kupita huko, uliniambia hujui ninazungumzia nini. Mimi sikukubali kwamba umesahau, kwa sababu jina la mji huo ulikuwa umeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kanda ya In Utero, chini ya orodha ya nyimbo, kwa herufi kubwa.

Mjomba alipodakia kwamba ule ni muziki wa Wazungu usiotuhusu, ulitikisa kichwa kukubali. Hilo nalo lilinishangaza, maana ni wewe uliyenieleza kwamba katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia walikuwa na roki yao, na kwamba bendi ya WITCH, Jagari Chanda akiiongoza kwa sauti, ilipiga magitaa ya umeme yenye mikwaruzo ambayo hayakumwomba mtu yeyote ruhusa. Ungeweza kumjibu Mjomba kwa adabu, kwa sentensi moja. Elimu hiyo ulikuwa nayo.

Sitaki kusema kwamba kila ulichonipa kilikuwa chema. Mellon Collie and the Infinite Sadness ya Smashing Pumpkins ina nyimbo ishirini na nane, na kama wangebakiza nusu yake tungekuwa na albamu bora kabisa ya mwaka 1995. Loveless ya My Bloody Valentine, uliyoiita muujiza, naistahi kwa jinsi Kevin Shields alivyoyafanya magitaa yayumbe kama yanayeyuka, lakini siipendi, kwa sababu sauti ya binadamu imezamishwa humo mpaka huwezi kujua ni nani anayeumia. Ten ya Pearl Jam naisikiliza bado kwa ajili ya wimbo wa Black peke yake.

Kid A ndiyo albamu ya kwanza kubwa niliyoisikiliza bila maoni yako. Ilitoka Oktoba 2000, nawe ulikuwa umekwisha kuondoka. Radiohead hawakutoa hata wimbo mmoja wa kuitangulia sokoni, magitaa waliyapunguza, wakaleta vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na hata hivyo ikafika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Mwanzoni niliikataa kwa sababu nilidhani wewe ungeikataa. Kisha nikakubali kwamba wimbo wa kwanza, Everything in Its Right Place, ulikuwa ukieleza hali ya nyumba yetu kuliko nilivyoweza kuieleza mimi: kila kitu kipo mahali pake, isipokuwa mtu mmoja.

Nakushauri basi, kaka, kwa mapenzi. Tafuta jioni moja, zima simu, usikilize Spirit of Eden ya Talk Talk tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo haikuwamo sandukuni, niliipata mwenyewe. Ni ya mwaka 1988, ina nyimbo sita, na iliundwa na bendi iliyokuwa imejipatia jina kwa nyimbo za kuchezeka, kisha Mark Hollis akaamua kwamba ukimya una thamani kuliko sauti isiyo na sababu. Walirekodi London katika studio iliyotiwa giza, wanamuziki wengi wakipiga kwa saa nyingi, halafu sehemu kubwa ya waliyoyapiga ikaachwa. Inaanza kwa sauti ya chini kiasi kwamba mtu asiyeijua atadhani redio imezimika. Mimi niliisikiliza usiku, wakati Shangazi hakuweza tena kujigeuza kitandani na ilinibidi nimgeuze kila baada ya saa kadhaa, na ilifaa kwa sababu haikumwamsha. Wewe ulituma fedha, na hilo nimelisema mbele ya kila mtu aliyetaka kusikia. Lakini mtu aliyekesha katika chumba kile akiwa na albamu ile masikioni hawezi kuambiwa kwamba anasikiliza kelele za utoto, wala hawezi kuambiwa hivyo na aliyemfundisha kusikiliza.

Nimesikia umemlalamikia dada kwamba sikuja uwanja wa ndege kukuaga. Ni kweli sikuja, na nilikuwa na sababu. Kama ningekuja ningesema haya yote mbele ya mkeo na mizigo yenu, na ungeondoka nchini ukiwa na hasira siku chache baada ya kumzika mama. Nilibaki nyumbani, nikafagia chumba chake, nikafunga madirisha. Sioni kwamba nilikukosea.

Nirudi kwenye In Utero, kwa maana lipo jambo ambalo hatukulimaliza. Nyimbo zake mbili, Heart-Shaped Box na All Apologies, zilichanganywa upya na Scott Litt, yule yule aliyezitayarisha albamu za R.E.M., na mwaka 2013 michanganyo ya Albini nayo ikatolewa, kwa hiyo leo mtu anaweza kuzilinganisha kwa masikio yake badala ya kubishana kwa kukisia kama tulivyofanya sisi. Nimezilinganisha. Kwa Heart-Shaped Box nakubaliana nawe, ya Albini ina ukali unaostahili. Kwa All Apologies nasema Litt alisaidia: selo inasikika vizuri zaidi, na sauti ya Cobain imesogezwa mbele pale inapohitajika. Wewe ulikataa kabisa kwamba mtu mwingine angepaswa kuugusa wimbo ule, ukaniambia utanieleza sababu ukirudi likizo. Sijaipata bado, na ninaisubiri.

Mdogo wako.