Mwanangu, ukurasa wa nne ujaze mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu ulilalamika kwamba huu ni mwaka wa tatu tangu upewe umeneja, na idara ya rasilimali watu haijakupeleka hata semina moja. Nikakwambia pole, tukahamia mambo mengine. Tangu hapo pole ile inanisumbua, maana haikuwa jibu. Jibu lenyewe ni hili, na sikulitoa siku ile kwa sababu ndani yake mna aibu yangu.

Unajua nilikuwa meneja kwa miaka mingi. Usichojua ni habari ya fomu zangu. Nilikuwa na watu 11 chini yangu, na kila mwisho wa mwaka nilijaza tathmini zao kwa moyo wote. Sikuwa mtu wa kuandika "anajitahidi" na kupita. Niliandika: huyu hesabu anaziweza lakini anaogopa kusimama mbele za watu, ripoti ya robo ya kwanza aiwasilishe yeye. Mmoja nilimpigania mpaka akalipiwa ada ya masomo. Wawili kati yao leo ni wakurugenzi, na bado najivunia.

Fomu yangu mimi ilisubiri siku ya mwisho, jioni, watu wameshaondoka. Ukurasa wa nne ulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Malengo ya maendeleo binafsi". Nilikuwa nafungua fomu ya mwaka uliopita, nanakili, nabandika: "Kuimarisha stadi za uongozi." Kuna mwaka nilisahau hata kubadili tarehe, na bosi wangu akamwaga wino vilevile. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi walau hujua nywele zimerefuka. Mimi sikuwa na habari.

Kisha idara mbili zikaunganishwa. Mameneja wawili, nafasi moja, tukaitwa kwenye usaili. Nikaulizwa: "Katika miaka mitatu iliyopita, ni jambo gani umejifunza kulifanya ambalo hukuliweza kabla?" Nikaanza kueleza timu yangu ilivyovuka malengo. Aliyeuliza akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu akasema, "Nakuuliza wewe." Nikabaki nimeshika glasi ya maji.

Nafasi akapata mwenzangu. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba nilionewa. Sikuonewa. Mwaka mmoja kabla, mwenzangu yule aliomba kuingia kwenye kamati ya bajeti, kamati ambayo sote tuliikwepa kwa sababu ya vikao vyake visivyoisha. Akatoka huko anazisoma hesabu za kampuni nzima, wakati mimi nilijua fungu la idara yangu tu.

Sasa turudi kwako na semina yako. Semina si mbaya, na ukiipata nenda. Ila mafunzo yanayopangwa na mwajiri hupangwa kwa mahitaji ya mwajiri, na hiyo ni haki yake. Hakuna mtu pale ofisini anayeamka asubuhi akiwaza wewe utakuwa wapi baada ya miaka mitano. Hata mimi mamako sijui, japo nawaza. Kwa hiyo badala ya kuomba semina, omba kazi. Ukitaka kujua kujadiliana mikataba, omba kukaa kwenye kikao ambako mkataba unajadiliwa, hata kama mara ya kwanza utakuwa mwandishi wa kumbukumbu tu. Na omba kwa maneno ambayo bosi anaweza kuyajibu ndiyo au hapana. "Naomba kukua kikazi" atatikisa kichwa na kusahau. "Naomba rasimu ya bajeti ya mwaka ujao niiandae mimi, wewe uipitie" itambidi aijibu.

Utasema huna muda. Najua. Ulinitajia ile ripoti ya Ijumaa inayokuweka ofisini hadi usiku. Miaka mitatu unaiandika wewe, na unaijua hata ukiwa umefumba macho. Hebu niambie, mara ya mwisho ilikufundisha nini? Unaing'ang'ania kwa sababu unaiweza, na kwa sababu inapendeza kusifiwa kwa kitu unachokiweza. Mkasimie msaidizi wako. Ataiharibu mara mbili, utairekebisha mara mbili, ya tatu atakushangaza. Hapo ndipo muda wa bajeti utapatikana, na yeye naye atakuwa amejifunza kitu.

Jingine ni daftari. Peter Drucker, aliyezaliwa Vienna mwaka 1909 na kutumia maisha yake kuandika juu ya uendeshaji wa taasisi, alikuwa na zoezi moja: kila unapofanya uamuzi mzito, andika unatarajia nini kitatokea, kisha baada ya miezi 9 au 12 linganisha na kilichotokea. Nililianza nimechelewa, baada ya usaili ule. Niliandika kuhusu watu watatu niliowaajiri. Mwaka ulipoisha nikakuta wawili nimewakosea, na kosa ni lilelile: niliwachagua kwa kuwa walizungumza vizuri. Karibu miaka kumi nimekuwa nikiajiri ndimi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nani angeniambia? Walio chini yako wanakuchekea, walio juu yako wanatazama matokeo tu. Kadiri unavyopanda ndivyo ukweli unavyokufikia umepunguzwa makali, kwa hiyo ni lazima uutege mwenyewe.

Na watu wa zamani usiwatupe. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliowahusu wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadili kazi. Waliopata kazi kupitia mtu waliulizwa: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na zaidi ya robo walisema kwa nadra. Ukifikiri utaona sababu. Unaokula nao mchana kila siku wanajua unayoyajua wewe. Habari mpya iko kwa yule mliyefanya naye kazi zamani, mkaachana kwa wema, na hujampigia miaka miwili. Mpigie sasa, wakati huna shida. Nilijaribu kuwatafuta watu wiki ileile niliyonyimwa nafasi, na nilisikia kwenye sauti zao kwamba wamejua ninachotaka kabla sijamaliza salamu.

Nimeandika mengi, na najua utasoma nusu ukiwa kwenye kikao. Fomu za mwaka huu zinakuja baada ya wiki sita. Za watu wako utazijaza vizuri, sina wasiwasi, umetoka kwangu. Yako ijaze ya kwanza, asubuhi, kabla hujafungua barua pepe.

Jumapili nitakupigia. Sitauliza habari za semina. Nitauliza ripoti ya Ijumaa umemwachia nani.

Akupendaye,
Mama