Barua kwa mwanangu: Filamu ya bibi ianzie nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, na bibi yako wa Mvumi naye hajambo, ila goti linamsumbua baridi hii ikizidi. Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba filamu uliyompiga bibi utaipeleka kwenye matamasha ya nje na hutaileta huku kwa sababu watu wa nyumbani hawataielewa, nimekuwa na jambo rohoni. Kwenye simu tunakatizana, salio nalo linaisha kabla ya maneno. Bora nikuandikie, usome ukiwa umetulia.

Jumamosi nilikwenda kwenye tamasha la filamu fupi la vijana wa hapa mtaani. Lilifanyika kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kiingilio bure. Vijana walifunga turubai jeupe kwenye goli la mpira, wakaazima projekta, wakakodi spika. Kufika saa moja usiku uwanja ulikuwa umejaa: akina mama wamejitanda vitenge kwa ajili ya baridi, wazee wamepewa viti vya plastiki mbele, watoto chini mchangani, na vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki zao nyuma na kukaa juu yake. Mshereheshaji alipotusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", uwanja mzima uliitika. Upepo wetu wa Julai unaujua. Turubai lilikuwa linavimba na sura za watu zinavimba nalo, mpaka vijana wawili wakalivuta kwa kamba na kulikandamiza chini kwa mawe. Hakuna aliyeondoka.

Filamu zilikuwa fupi kweli, nyingine dakika 4 tu. Nianze na ile ya maji, maana kwa sababu yake nimeshika kalamu.

Aliyeitengeneza ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na amepiga yote kwa simu. Binti anakwenda korongoni wakati wa kiangazi, anachimba mchanga kwa mikono, anangoja maji yachuje, anayachota kwa kata na kuyatia kwenye ndoo. Sehemu ya kuchimba ilikuwa nzuri sana. Simu imewekwa chini kabisa, usawa wa shimo. Unaona mchanga mkavu unaporomoka, kisha mchanga wenye unyevu unashikana, kisha maji yanaanza kujikusanya katikati, machafu kwanza, halafu yanatulia na kuwa maangavu. Watu walinyamaza, hata watoto. Nusu ya waliokuwa pale wamechimba mashimo kama yale kwa mikono yao, mimi mmojawapo.

Kisha binti akajitwika ndoo akaondoka, na wanawake wakaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Ndoo tupu hiyo!" Na kweli ilikuwa tupu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 juu ya utosi. Shingo inakakamaa, hatua zinakuwa fupi, mkono mmoja unashika ukingo, na hata ukiweka majani juu ili maji yasirukeruke, bega lazima lilowe. Yule binti alikuwa anatembea huku anageuza shingo kutazama huku na huku, na gauni lake kavu.

Filamu ilipokwisha kijana akapewa maiki. Akaeleza kwamba walirudia kipande kile mara nyingi, akaona huruma kumbebesha mwenzake ndoo iliyojaa. Akasimama bibi mmoja, akamwambia, "Si mngepokezana? Sisi tukichoka tunapokezana." Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema atarudi korongoni kupiga upya, na safari hii ataonyesha na kupokezana kwenyewe. Hapo alipigiwa makofi kuliko alipomaliza filamu. Nilimtazama usoni wakati anarudisha maiki. Hakuwa ameaibika hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kitu.

Sasa, baba yangu, hebu fikiri. Filamu ile ingepelekwa moja kwa moja kwenye tamasha la Berlin, nani angeijua ndoo ile? Wangesifu mwanga wa jioni na subira ya yule binti, na kijana angerudi na cheti bila kuambiwa. Unasema watu wa nyumbani hawataielewa kazi yako. Mimi niliowaona Jumamosi waliona jambo ambalo kamera yenyewe ilidhani imelificha.

Ilikuwepo nyingine ya Kigogo tupu, maneno ya Kiswahili yameandikwa chini. Mzee na mjukuu wake wanabishana kuhusu ng'ombe wa kuuza ili apate karo. Kicheko kilikuja mara mbili kila wakati: kwanza mbele kwa wazee, halafu nyuma kwa vijana waliokuwa wanasoma. Kufika mwisho vijana wengi wakaacha kusoma, wakawa wanawasikiliza wazee wanavyocheka ndipo nao wacheke. Nilitamani ungekuwepo, wewe unayeniambia Kigogo hakina soko.

Na binti mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma alileta ya zabibu. Mkulima amevuna, matenga yamepangwa kivulini, anamsubiri mnunuzi. Unajua zabibu hazisubiri kama mahindi. Filamu nzima ni kusubiri: simu inapigwa, haipokelewi, nyuki wanaanza kufika. Dakika 9, na hakuna anayelalamika. Ilipokwisha, wakulima waliokuja kutoka Mpunguzi na Hombolo walianza mjadala wa bei na viwanda, mshereheshaji akashindwa kuurudisha uwanja kwenye ratiba. Kasoro moja ilinisikitisha. Mkulima alipokuwa anazungumza shambani, upepo ulimeza karibu kila neno. Maiki haikuwa na hata kitambaa cha kuzuia upepo. Hilo ni jambo ambalo wewe ungewafundisha kwa nusu saa. Picha watoto hawa wanaijua, wamekulia na simu mkononi. Sauti hakuna aliyewaelekeza.

Zilizobaki sitazieleza sana. Moja ya mapenzi ilikuwa ndefu kuliko kisa chake, nyingine ilikuwa na bastola nyingi na akili kidogo. Ndiyo vijana, watajifunza.

Niliporudi nyumbani nilikaa nikakumbuka mengi. Wewe umekulia kwenye kibanda umiza cha pale jirani, unalipa senti zako kutazama filamu za mbali huku mtu anakutafsiria kwa maiki. Kabla yako, bibi zako waliijua sinema kama kitu kinacholetwa kijijini na gari, kikaonyeshwa usiku mmoja, gari likaondoka. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba Waingereza walikuwa na mradi wa sinema hapa Tanganyika kati ya 1935 na 1937, makao yake Vugiri kule Usambara. Walitupiga picha sisi kisha wakazunguka kutuonyesha, ili tujifunze kulima vizuri na kuweka akiba. Walioamua nini kionekane walikuwa wao, kazi yetu ilikuwa kutazama na kufuata. Jumamosi aliyeamua ni mtoto wa mama muuza maandazi. Na waliotazama walikuwa na haki ya kusimama na kumwambia ndoo ni tupu. Kwangu hilo ni kubwa, mwanangu, na sitaki ulipite kwa sababu turubai lilifungwa kwenye goli.

Tuje kwa bibi yako.

Amekaa mbele ya kamera yako siku nyingi. Amepepeta uwele mara unapomwambia apepete, ameacha unapomwambia aache. Amekuimbia. Kila nikienda Mvumi ananiuliza ile picha yake iko wapi, nami namwambia mjukuu wako bado anaishughulikia. Ni mwaka mzima sasa. Mtu wa kwanza kumwona bibi yako kwenye filamu anaweza kuwa jaji wa nchi ambayo yeye hawezi hata kuitamka, na bibi mwenyewe hajajiona. Hapo siwezi kukubaliana na wewe hata kidogo. Na kuna karatasi ya ridhaa, ambayo wewe mwenyewe uliniambia mnafundishwa chuoni kwamba kila anayepigwa lazima aelezwe picha zitakwenda wapi kisha atie sahihi au dole gumba. Bibi hajaelezwa wala hajatia. Kwa kuwa ni bibi yako haimaanishi hana haki ya kuulizwa.

Halafu kuna ule wimbo wa mwisho, ulionisikilizisha kwa simu, ule anaoimba huku anapiga ngoma mapajani. Nilikaa kimya ukadhani mtandao umekatika. Baba, muheme ni ngoma ya wanawake, na asili yake iko kwenye unyago. Zipo zinazopigwa hadharani, hata mbele ya viongozi pale Uwanja wa Jamhuri, na hakuna tatizo. Zipo nyingine ambazo mwanamke anamfundishia mwali ndani na hazitoki. Bibi alikuimbia wewe kwa kuwa ni mjukuu, mlikuwa wawili jikoni, na kamera hakuihesabu kama mtu. Wenzake wa rika lake ndio wa kusema wimbo ule ni wa kwenda nje au wa kubaki. Waulize kabla haujasikika mahali ambapo huwezi tena kuurudisha. Wakisema utoke, utakuwa umeongeza kitu kwenye filamu yako, maana utaujua wimbo wenyewe. Wakikataa, utaukata, na bibi atakupa mwingine, anazo nyingi.

Hapo Bagamoyo unaposoma ndipo alipofundisha Hukwe Zawose. Alitoka vijiji vyetu hivi, muziki alijifunza kwa baba yake, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam kwenye kikundi cha ngoma cha taifa, na mwisho dunia ikamsikia akiimba Kigogo kwa zeze na ilimba, ile ala ya kuchezwa kwa vidole gumba. Alifariki 2003, ukiwa bado hujazaliwa. Muziki wake ulipita kwanza kwenye masikio ya watu ambao kamba ya zeze ikilegea wanajua. Ndiyo maana alipofika mbali hakuna aliyeweza kumtikisa.

Sikukatazi kwenda mbali. Tamasha la filamu la Zanzibar limekuwepo tangu 1998, na siku nikisikia filamu yako inaonyeshwa Ngome Kongwe nitapanda boti hata kama nitatapika njia nzima. Najua pia kwamba yapo matamasha yanayotaka filamu ambayo haijaonyeshwa popote. Soma masharti ya kila tamasha unaloliwania, na pasipoeleweka waandikie uwaulize kama onyesho la mtaani, bila kuiweka intaneti, linakuondolea sifa. Likiwepo moja lenye sharti hilo na unalitaka sana, basi mwonyeshe bibi na wenzake sebuleni kwangu, mlango umefungwa, wala tusiliite onyesho. Mambo ya kibali cha Bodi ya Filamu nayo yamalize mapema. Waandaaji wa huku walisema yaliwachelewesha kwa sababu baadhi ya vijana walifikiri filamu fupi haihusiki.

Nimezungumza na vijana wenyewe. Wanataka kuonyesha tena mwishoni mwa Agosti, na wamenipa nafasi kwa ajili yako bila hata kuiona filamu. Mimi nimewaambia utakuja pia kuwafundisha sauti asubuhi ya siku hiyo, darasani kwangu, mwalimu mkuu ameshakubali. Usinikasirikie. Njoo na zile maiki ndogo za kubana kwenye nguo kama chuo kitakuruhusu kuziazima, na vile vifuniko vyake vya manyoya. Kama hawaruhusu, njoo hivyo hivyo, tutakata sufi ya mto wa zamani tujaribu.

Filamu ilete kwenye flashi mbili, usiziweke begi moja. Ukitoka Bagamoyo asubuhi mapema unaiwahi treni ya umeme Dar es Salaam, mchana uko hapa. Bibi nitamfuata Mvumi siku mbili kabla, pamoja na wenzake watatu ambao goti linawaruhusu. Wao wataitazama nyumbani kwanza, wewe ukiwepo, na la wimbo litaamuliwa hapo hapo. Yule mama aliyepiga kelele ya ndoo nimeshamjua, anauza mboga Sabasaba, na nimemwomba siku ya uwanjani akae mbele.

Baba yako atalipia nauli ya kuja. Ya kurudi tutaiangalia. Nipe jibu kabla ya Jumapili, maana ratiba yao inachapwa Jumatatu na nimesema jina lako liwemo.

Mama yako