Budokan hawakufika

Ndugu Mhariri,

Katika orodha yenu ya albamu zilizorekodiwa jukwaani nchini Japani mmeiweka "Live at Budokan" ya bendi ya Marekani Stormtroopers of Death, au S.O.D. kama wapenzi wa thrashi, ile metali ya kasi, tulivyozoea. Naomba muitoe. Ilirekodiwa New York, ukumbi wa Ritz, tarehe 21 Machi 1992. Jina ni utani, maana Budokan ni ukumbi maarufu wa Tokyo. Beatles walipiga Budokan mwaka 1966, bendi ya Cheap Trick ikavuma kwa rekodi ya pale, na kila bendi kubwa ikataka kujisifu nayo imefika Tokyo. Hawa jamaa wa nyimbo za sekunde chache wakajipa cheo hicho wakiwa kwao, bila hata kukata tiketi ya ndege.

Kosa la mji ningelisamehe. Kilichonikera ni mwandishi wenu kulalamika kwamba mwimbaji anaongea mno. Bwana we, hiyo ndiyo S.O.D.! Mwaka 1985 mpiga gitaa Scott Ian na mpiga ngoma Charlie Benante, wakiwa wamemaliza kazi ya albamu ya bendi yao, Anthrax, walimwita Dan Lilker, mpiga besi wao wa zamani, na Billy Milano akashika maikrofoni. Siku tatu studio, nyimbo zaidi ya 20, na zote hazijazi nusu saa. Watoto wa panki na wa metali, waliokuwa wakitazamana kwa jicho baya, wakajikuta wanaruka pamoja. Kisha kila mmoja akarudi kwenye bendi yake.

Kundi la siku tatu likikutana tena baada ya miaka karibu saba, lirudi na adabu gani? Milano anachokoza, anatukana, anapiga soga, halafu ghafla Benante anawasha moto na wimbo umekwisha kabla hujavuta pumzi. Pale nyimbo ndizo zinazokatiza maneno. Kuna hata wimbo wa mtu aliyekasirika kwa kukosa maziwa ya kifungua kinywa! Na wanapiga "Territorial Pissings" ya Nirvana, ambayo wakati huo ilikuwa na miezi sita tu tangu itoke.

Kama mwandishi wenu alitafuta pa kuwabana, angewabana kwenye wimbo "Speak English or Die", uliobeba pia jina la albamu yao ya studio ya 1985. Sisi tuliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kuponyokwa na Kiswahili, amri ya kuongea Kiingereza au kufa haituchekeshi sana. Wenyewe wanasema ni dhihaka, maneno ya askari wa katuni anayechukia kila mtu. Kwenye albamu ya studio naweza kuwaelewa. Lakini mbele ya ukumbi uliojaa, sina hakika kila aliyekuwa akiruka kule chini aliichukua kama dhihaka, na wimbo huo mimi huuruka.

Zilizobaki nazisikiliza kwa sauti ya juu, na jirani yangu anajua.

Msomaji wenu,
Tanga